Taa za Chini

Balbu ya kushoto ilikufa Jumatatu,
Sambasha, kwenye kona ya mikaratusi,
saa kumi na moja kasorobo alfajiri,
madumu kumi na manne ya maziwa nyuma yangu
yakigongana mabega.
Mwangaza mbili, moja humponya,
nikasema, nikacheka peke yangu kwenye usukani,
kisha nikaacha kucheka.
Mbele hapakuwa na barabara.

Asiyeujua Meru mwezi wa Julai
hudhani ukungu ni kitu cha kupiga picha.
Wetu hushuka kutoka msituni kama mtu anayedai chake.
Hukalia migomba, hukalia mibuni,
huingia mpaka ndani ya soksi.
Ng'ombe akizama humo
utamjua alipo kwa kikohozi.

Nikashuka hadi Unga Limited.
Dukani, Godlisten aliniwashia balbu nyeupe juu ya kaunta,
vumbi lote la duka likaonekana, hata uzee wangu.
"Mama Nai, huu ni mchana ndani ya kiboksi.
Hapa unaona mpaka Kenya."
Elfu themanini.
Nikazihesabu, noti zikinuka maziwa.
Nani asingetaka kuona mpaka Kenya?

Jumatano nikawasha.
Ukungu ukasimama wima,
ukuta uliopakwa chokaa, hatua tatu kutoka bampa,
na mwanga wangu wote, wa elfu themanini,
ukanirudia usoni kama kofi.
Nikazima.
Lembris, utingo wangu, akashuka bila kuambiwa,
akatembea mbele na koti lake la mvua la njano,
mkono mmoja nyuma umegusa boneti,
nami nikamfuata kwa gia ya kwanza
kama ndama.

Tulifika mjini saa mbili na nusu.
Madumu mawili yalikuwa yameganda.

Ndeshi ni fundi wa umeme wa magari,
bisibisi amechomeka kwenye mabutu.
Hakunicheka. Aliuliza tu,
"Umeona nini?"
"Mwanga."
"Hukununua taa ili uone mwanga."

Akatandika boksi la sabuni, akalala chini ya pua ya Landrova.
Akasugua kutu ya soketi kwa msasa,
akaitukana waya moja kwa Kichaga,
akabadilisha fyuzi ambayo sikujua ninayo.
Balbu alizoleta zilikuwa za njano,
njano ya kiini cha yai la kienyeji,
wati hamsini na tano, elfu kumi na mbili kila moja.
Nilipoinyooshea mkono akanizuia:
"Kioo hicho hakiguswi.
Mafuta ya kidole yakibaki,
kitapasuka palepale ulipokishika."
Akaishika kwa kipande cha kanga
kama anayemfunika kifaranga.

Halafu akaziinamisha taa, vidole viwili hivi.
Nikalalamika: mbona zinatazama chini?
"Mbali huko kuna nini, na hukuoni?
Kwanza ujue tairi lako linakanyaga wapi."

Ijumaa.
Ukungu ulikuwa uleule, haujapungua hata kijiko.
Lakini chini yake, kama chini ya kitanda,
kulikuwa na nafasi.
Nikaona ukingo wa mtaro.
Nikaona alama za tairi zangu za jana,
ganda la ndizi, jiwe ambalo mwaka juzi lilinitoboa sampu.
Kenya sijaiona.
Lembris alikuwa amelala, mdomo wazi, koti mapajani.

Zile nyeupe sikuzirudisha.
Nimezifunga zizini kwenye betri kuukuu,
na ng'ombe wakati wa kukamuliwa
wananikazia macho kama maaskari wa benki.

Penye mikaratusi, katikati ya njia,
taa ya kushoto ikaokota kandambili moja ya mtoto, ya bluu,
kamba yake imeshonwa kwa waya.
Nikakanyaga breki. Madumu yakanung'unika.
Nikashuka, nikaitundika kwenye tawi,
usawa wa mkono wa mtoto.

Jumatatu haikuwepo.